Alphonse Laveran, munganga wa jeshi aliyegundua kimelea cha malaria katika damu

Kila siku, katika vituo vya afya vya Goma, Bukavu, Uvira, Kindu na Bunia, muuguzi anachoma kidole cha mgonjwa, anakamua tone la damu, analiweka juu ya kioo na kulipeleka labo. Baada ya muda jibu linarudi: malaria ipo, au haipo. Wengi wanakiita kipimo hicho GE, yaani tone nene la damu. Wazazi wanakijua, watoto wanakiogopa, na karibu kila familia ya mashariki mwa Kongo imewahi kungojea jibu lake.

Kipimo hicho kisingekuwepo bila kazi ya mtu mmoja, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Charles Louis Alphonse Laveran. Mwaka 1880, katika hospitali ya kijeshi ya mji wa Constantine nchini Algeria, aliona ndani ya damu ya mgonjwa kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitambua kabla yake: kiumbe hai kinachosababisha malaria. Wataalamu wakubwa wa wakati wake walimkatalia. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa, na jeshi lake mwenyewe halikumpa nafasi aliyostahili.

Mtoto wa munganga wa jeshi

Laveran alizaliwa Paris tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1845. Baba yake, Louis Théodore Laveran, alikuwa munganga wa jeshi na mwalimu katika shule ya uganga wa kijeshi ya Val-de-Grâce. Upande wa mama pia kulikuwa na maofisa wa jeshi. Alphonse alipokuwa bado mtoto, baba alitumwa Algeria, nchi ambayo Ufaransa ilikuwa imeanza kuivamia mwaka 1830, na familia yote ikahamia huko. Mtoto alikaa Algeria miaka kadhaa kabla ya kurudi Paris kuendelea na masomo.

Alisoma sekondari Paris, na mwaka 1863 aliingia shule ya uganga wa kijeshi mjini Strasbourg, akifuata njia ya baba yake. Mwaka 1867 alimaliza kwa kuandika kazi ya udaktari kuhusu namna mishipa ya fahamu inavyojijenga upya.

Miaka mitatu baadaye, vita kati ya Ufaransa na Prussia ikaanza. Laveran alipelekwa mstari wa mbele kuhudumia majeruhi. Alikuwepo katika mapigano makali ya Gravelotte na Saint-Privat, kisha akafungiwa pamoja na wanajeshi wengine katika mji wa Metz uliozingirwa na adui. Humo aliona kwamba askari hafi kwa risasi tu. Kuhara, homa ya matumbo na njaa viliua wengi pia. Mji ulipoanguka alirudi upande wa Ufaransa na kuendelea kufanya kazi hospitalini, kwanza Lille, kisha Paris.

Mwaka 1874 alishinda mtihani wa kupata kiti cha ualimu wa magonjwa ya majeshi na milipuko ya magonjwa huko Val-de-Grâce. Ni kiti kile kile ambacho baba yake alikuwa amekikalia zamani. Lakini kiti hicho kilikuwa cha muda. Mwaka 1878 muda wake ulipokwisha, jeshi lilimtuma Algeria, kwanza mji wa Bône, ambao leo unaitwa Annaba, na baadaye Constantine. Alikuwa na miaka 33.

Ugonjwa uliodhaniwa kutoka hewani

Wodi za hospitali za kijeshi za Algeria zilijaa watu wenye homa. Mgonjwa alitetemeka kwa baridi, kisha mwili ukawaka moto, kisha jasho likamtoka mpaka shuka zikalowa. Siku moja au mbili zilipita akiwa na nafuu, halafu homa ikarudi. Wengine walivimba bandama. Wengine walipoteza fahamu na kufa kabla ya jua kuchwa.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba ugonjwa huu unatoka katika hewa chafu ya vinamasi. Neno malaria lenyewe linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Jina la Kifaransa linalotumiwa na waganga wa Kongo, paludisme, linatokana na neno la Kilatini la bwawa. Watu walikuwa wameona vizuri kwamba homa inakaa karibu na maji yaliyotuama. Hawakujua kwa nini.

Dawa ilikuwepo tayari. Gamba la mti wa kinkona kutoka milima ya Amerika ya Kusini lilijulikana Ulaya tangu karne ya 17, na mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitoa ndani yake kinini. Huko Bône, miaka zaidi ya 40 kabla ya Laveran kufika, munganga mwingine wa jeshi, François Clément Maillot, alikuwa ameokoa askari wengi kwa kuwapa kinini kwa dozi kubwa na mapema. Mti huo ulipandwa baadaye katika vilima vya Kivu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na wakazi wa Bukavu wanaujua hadi leo.

Kwa hiyo waganga walikuwa na dawa, lakini hawakujua dawa hiyo inapigana na kitu gani. Hawakuwa pia na njia ya hakika ya kutofautisha homa ya malaria na homa nyingine. Mtu mwenye homa ya matumbo aliweza kupewa kinini bure, na mwenye malaria aliweza kuachwa bila kinini akafa.

Kutafuta chembe nyeusi

Laveran alianza na maiti. Alipopasua miili ya waliokufa kwa malaria, alikuta bandama, ini na hata ubongo vimepata rangi ya giza, kwa sababu ya chembe ndogo nyeusi zilizokuwa ndani ya damu. Waganga wengine waliotangulia, hasa wa Ujerumani, walikuwa wamekwisha kuziona chembe hizo. Laveran alijiuliza maswali mawili: Je, chembe hizo zinapatikana kwa wagonjwa wa malaria tu? Na zinatoka wapi?

Ili kujibu, aliacha kutegemea maiti peke yake. Akaanza kuchukua damu ya wagonjwa walio hai, kwa kuchoma kidole, na kuiangalia ikiwa mbichi chini ya mikroskopi. Chombo chake kilikuwa cha kawaida, kikikuza vitu karibu mara 400. Hakutumia rangi za kupaka damu kama zinazotumika leo katika labo, kwa kuwa rangi hizo zilikuwa bado hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na macho, kioo na uvumilivu.

Katika damu aliona vitu vya namna mbalimbali. Vingine vilikuwa vya mviringo, vimekaa juu ya chembe nyekundu za damu au ndani yake. Vingine vilipinda kama mwezi mchanga. Karibu vyote vilibeba zile chembe nyeusi. Alishuku kwamba si uchafu wala damu iliyoharibika, ila viumbe. Lakini kushuku si kuthibitisha.

Tarehe 6 mwezi wa 11

Uthibitisho ulikuja tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka 1880. Mgonjwa alikuwa askari wa mizinga, kijana wa miaka 24, aliyelazwa hospitalini Constantine. Laveran alikuwa akiangalia damu yake pale alipoona, kwenye ukingo wa moja ya vile vitu vya mviringo, nyuzi nyembamba zinazochezacheza kwa nguvu, zikisukuma chembe nyekundu zilizo karibu. Zilikwenda kama mikia ya nyoka wadogo. Kitu kinachocheza namna hiyo kisingeweza kuwa chembe ya damu iliyokufa. Kilikuwa hai.

Leo inajulikana alichokiona. Nyuzi zile ni mbegu za kiume za kimelea cha malaria. Kwa kawaida zinatoka ndani ya tumbo la mbu, baada ya mbu kunywa damu ya mgonjwa. Damu ya askari yule ilikuwa imetoka mwilini na kupoa juu ya kioo, na kimelea kikafanya hapo kile ambacho kingefanya ndani ya mbu. Laveran hakuweza kujua hayo. Ni mwaka 1897 tu ambapo kijana wa Kanada, William MacCallum, akichunguza damu ya ndege, alieleza maana ya nyuzi hizo.

Kabla mwezi ule haujaisha, taarifa ya Laveran ilisomwa mbele ya Chuo cha Uganga mjini Paris. Aliendelea kuchunguza. Katika wagonjwa 44 wa kwanza, alikiona kimelea kwa 26. Kufikia mwaka 1882 alikuwa amepima wagonjwa 192, na kwa 148 kati yao alikuta vimelea. Aliona pia kwamba mgonjwa akipewa kinini, vimelea vinapungua na kupotea katika damu. Sasa ilianza kueleweka kinini kinafanya kazi gani mwilini: kinaua kimelea.

Wataalamu wanakataa

Taarifa hiyo haikupokelewa kwa shangwe. Miaka ile ilikuwa miaka ya bakteria. Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani walikuwa wakionyesha ugonjwa mmoja baada ya mwingine kwamba unatokana na bakteria, na kila mtu alitarajia malaria nayo itakuwa hivyo. Mwaka 1879, mwaka mmoja kabla ya Laveran, wataalamu wawili, Klebs na Tommasi-Crudeli, walitangaza kwamba wamekuta bakteria ya malaria katika udongo na maji ya vinamasi karibu na Roma. Walikuwa na majina makubwa, na watu wakawaamini.

Laveran yeye alikuwa munganga wa jeshi asiyejulikana, katika hospitali ya mbali, barani Afrika. Alichokisema kilikuwa kigeni: kwamba malaria haitokani na bakteria ila na mnyama mdogo sana, wa namna ambayo wataalamu wanaiita protozoa, na kwamba mnyama huyo anaishi ndani ya chembe za damu. Wengi walisema ameona chembe nyekundu zinazoharibika, na kuzidhania kuwa viumbe.

Mwaka 1882 alisafiri mpaka Roma, mahali ambapo malaria ilikuwa ikiua watu kila mwaka. Katika hospitali ya Santo Spirito alipima damu ya wagonjwa wa Italia na kukuta vimelea vile vile vya Constantine. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha: ugonjwa ni mmoja na chanzo chake ni kimoja, Afrika na Ulaya. Aliwaonyesha wataalamu wa Roma, Marchiafava na Celli kati yao. Kwanza hawakusadiki. Lakini waliendelea kuangalia, na baada ya miaka michache wao wenyewe waliona kimelea kikitembea ndani ya chembe nyekundu. Mwaka 1885 walikipa jina Plasmodium, ambalo linatumika mpaka leo katika kila labo.

Huko Paris, mwaka 1884, Laveran alimwonyesha Pasteur mwenyewe vimelea hivyo chini ya mikroskopi, pale Val-de-Grâce. Pasteur aliona nyuzi zikicheza, akasadiki. Tangu hapo upinzani ukaanza kupungua. Mwaka 1889 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Laveran zawadi ya Bréant.

Swali la mbu

Bado swali moja kubwa lilibaki. Kama kimelea kinaishi ndani ya damu ya mtu, kinafikaje kwa mtu mwingine? Laveran alikitafuta katika maji ya vinamasi, katika udongo na katika hewa, lakini hakukipata. Katika kitabu chake cha mwaka 1884 kuhusu homa za vinamasi, alitoa wazo kwamba huenda mbu ndiye anayekibeba. Alijua kwamba Mwingereza Patrick Manson, akifanya kazi China, alikuwa ameonyesha kwamba minyoo inayosababisha matende hupitia kwa mbu.

Laveran hakuwa na nafasi ya kuthibitisha wazo hilo, maana alikuwa amerudi Ufaransa, mbali na wagonjwa wa malaria. Kazi ilifanywa na wengine. Manson alimwonyesha munganga wa jeshi la Uingereza nchini India, Ronald Ross, namna ya kukitambua kimelea cha Laveran katika damu. Tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka 1897, mjini Secunderabad, Ross alikikuta kimelea katika ukuta wa tumbo la mbu aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa. Mwaka uliofuata alionyesha kwa ndege safari yote ya kimelea kutoka mbu hadi ndege. Mwaka huo huo wa 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba malaria ya binadamu inaenezwa na mbu wa aina ya Anopheles.

Ndipo habari yote ilipoeleweka. Mbu jike wa Anopheles anauma mtu mgonjwa, hasa usiku, na kunywa kimelea pamoja na damu. Ndani ya mbu kimelea kinakua kwa muda wa siku 10 hivi au zaidi, kufuatana na joto, kisha kinapanda hadi kwenye mate yake. Mbu akiuma mtu mwingine, kimelea kinaingia, kinajificha kwanza katika ini, kisha kinatoka na kushambulia chembe nyekundu za damu. Chembe zinapasuka kwa wingi, na hapo ndipo homa inapoanza. Kwa kawaida inachukua siku 10 hadi 15 tangu mtu aumwe na mbu.

Jeshi linamweka pembeni

Wakati wenzake wakiendelea na kazi yake, Laveran mwenyewe alikuwa na shida. Kati ya mwaka 1884 na 1894 alifundisha usafi wa kijeshi huko Val-de-Grâce. Mwaka 1885 alimwoa Sophie Marie Pidancet. Lakini muda wake wa ualimu ulipokwisha mwaka 1894, jeshi halikumpa labo. Lilimpa kazi za uongozi: kwanza mkuu wa hospitali ya kijeshi ya Lille, kisha mkurugenzi wa huduma za afya za kikosi cha jeshi huko Nantes. Mtu aliyegundua kimelea cha malaria aliketi ofisini akitia sahihi karatasi, bila wagonjwa wala mikroskopi.

Mwaka 1896, akiwa na miaka 51, alifanya uamuzi mgumu. Aliacha jeshi alilolitumikia tangu ujana wake, akaomba nafasi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Walimpokea vizuri, akapewa labo. Hapo alifanya kazi kwa miaka 25 iliyobaki ya maisha yake.

Alirudia yale aliyoyaanza Constantine, yaani kutafuta wanyama wadogo wanaoishi katika damu. Pamoja na mwenzake Félix Mesnil alichunguza trypanosoma, vimelea vinavyosababisha malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mwaka 1904 walitoa kitabu kikubwa kuhusu vimelea hivyo. Ni wakati huo huo ambapo malale ilikuwa ikiangamiza vijiji vya bonde la Kongo. Munganga Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyekuwa amekitambua kimelea cha malale katika damu ya mtu huko Gambia, alikuwa Kongo akiendelea na uchunguzi. Alifariki Kasongo, Maniema, mwezi wa 2 mwaka 1905, kwa homa inayoenezwa na kupe ambayo alikuwa akiichunguza. Ugonjwa wa malale, ambao wakazi wa Maniema na Kasai wanaujua vizuri, ulieleweka kwa sababu watu walikuwa wamejifunza kutafuta vimelea katika damu, kama Laveran alivyoonyesha.

Laveran alihimiza pia vita dhidi ya mbu nchini kwake. Malaria ilikuwepo bado katika sehemu kadhaa za Ufaransa, kama vile kisiwa cha Corsica na eneo la Camargue. Alieleza kwamba kukausha maji yaliyotuama, kuweka nyavu madirishani na kumeza kinini ni kazi inayowezekana, si ndoto.

Nobel, na namna alivyoitumia

Mwaka 1907 alipewa Zawadi ya Nobel ya uganga, kwa kazi yake kuhusu protozoa kama chanzo cha magonjwa. Ross alikuwa ameipata yake mwaka 1902, miaka mitano kabla. Kwa hiyo aliyemkuta kimelea katika mbu alitangulia kutuzwa kuliko aliyekigundua katika damu.

Laveran alichukua nusu ya fedha za Nobel na kuanzisha labo ya magonjwa ya nchi za joto katika Taasisi ya Pasteur. Mwaka uliofuata, 1908, alianzisha shirika la wataalamu wa magonjwa hayo, akaliongoza kwa miaka 12. Ni katika mikutano na jarida la shirika hilo ambapo waganga waliofanya kazi Afrika, Asia na Amerika walipashana habari za waliyoyaona.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alishuhudia malaria ikifanya tena kile alichokiona Algeria. Mwaka 1916, wanajeshi wa Ufaransa na Uingereza waliotumwa Macedonia walianguka kwa maelfu, si kwa risasi bali kwa kuumwa na mbu. Elimu ilikuwepo, lakini haikuwa imefuatwa kwa wakati.

Alphonse Laveran alifariki Paris tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka 1922, akiwa na miaka 76, baada ya kuugua. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse. Hakuacha mtoto.

Kutoka Constantine hadi Beni

Zaidi ya miaka 140 imepita tangu siku ile ya Constantine. Damu inapakwa rangi sasa, mikroskopi zimekuwa na nguvu zaidi, lakini anayefanya kazi labo katika kituo cha afya cha Masisi au Fizi anatafuta kile kile: kitu cha mviringo au cha umbo la mwezi mchanga, katika tone la damu. Pale ambapo hakuna umeme wala mikroskopi, kuna kipimo cha haraka, kile cha tone moja juu ya kipande cha plastiki, ambacho kinatoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Kipimo hicho hakionyeshi kimelea chenyewe. Kinatambua alama ambayo kimelea kinaacha katika damu. Tone nene linaonyesha pia vimelea ni vingi kiasi gani, jambo linalomsaidia munganga kujua kama mgonjwa yuko hatarini.

Umuhimu wa kupima ulionekana wazi Beni mwaka 2018, wakati wa mlipuko wa Ebola. Homa, maumivu ya kichwa na uchovu ni dalili za kwanza za Ebola, na ni dalili za malaria pia. Wagonjwa wa malaria walijaa vituoni, na ilikuwa vigumu kuwatenganisha. Mwishoni mwa mwaka huo ilifanywa kampeni ya kugawa vyandarua na dawa za malaria kwa wakazi wa Beni, ili kupunguza idadi ya wenye homa na kuwalinda wagonjwa wasikutane na Ebola vituoni. Hali ya Laveran ilikuwa imerudi: homa moja, magonjwa mengi, na hitaji la kujua ni upi.

Ndiyo sababu waganga wanasisitiza kwamba si kila homa ni malaria. Mtu anayenunua dawa sokoni bila kupimwa anaweza kumeza dawa ya malaria wakati anaumwa homa ya matumbo au mapafu. Na kinyume chake, mzazi anayengojea siku tatu au nne akitumaini homa ya mtoto itapita anaweza kumpoteza. Kimelea kilichoenea zaidi Kongo, Plasmodium falciparum, ndicho kikali kuliko vyote, na kwa mtoto mdogo kinaweza kufikia ubongo kwa muda mfupi. Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa siku ile ile au kesho yake. Degedege, kulegea, kupumua kwa shida au kushindwa kunyonya ni alama za kumpeleka hospitali bila kuchelewa.

Kinga nayo inafuata ukweli uliothibitishwa miaka ile ya 1897 na 1898. Mbu wa Anopheles anauma hasa usiku, kwa hiyo chandarua chenye dawa, ambacho wengi wanakiita mustikeri, kina kazi kubwa kama watu wanalala ndani yake kila usiku, si wakati wa mvua tu, na kama hakigeuzwi wavu wa kuvulia samaki au uzio wa bustani. Maji yaliyotuama karibu na nyumba ni mahali ambapo mbu anataga mayai. Mama mjamzito anapewa dawa ya kinga katika ziara zake za kliniki. Na tangu mwaka 2024, chanjo ya malaria kwa watoto wadogo imeanza kutolewa Kongo, kwanza katika jimbo la Kongo-Central. Chanjo hiyo inapunguza hatari, lakini haiondoi kazi ya chandarua.

Kongo inabaki nchi ya pili ulimwenguni, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa na vifo vya malaria. Wengi wa wanaokufa ni watoto wenye umri usiofikia miaka mitano, na mara nyingi wanakufa kwa ugonjwa ambao kipimo chake kipo na dawa yake ipo.

Algeria, ambako Laveran alichoma vidole vya askari akitafuta chembe nyeusi, ilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi ilipima kila anayeshukiwa, ikatibu bila malipo na ikapigana na mbu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi hiyo alipatikana mwaka 2013. Mwezi wa 5 mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza rasmi kwamba Algeria haina tena malaria.